Utambuzi wa usonji kwa watu wazima

Utambuzi wa usonji kwa watu wazima ni uchunguzi wa kitaalamu wa kujua kama mtu aliyekwisha kukua ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 kutokana na watoto aliowachunguza, na kwa muda mrefu watu wazima walisahaulika.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Mtaalamu humhoji mhusika, huangalia mwenendo wake, kisha hutafuta habari za utoto wake kwa mzazi au ndugu mkubwa. Maswali yaliyotungwa Ulaya hayafai kutumiwa yalivyo: kijana wa Nachingwea anayeinamisha macho mbele ya mzee huenda anaonyesha adabu tu.

Kosa lina gharama. Usonji ukidhaniwa kuwa skizofrenia, mtu anaweza kumeza kwa miaka dawa asizozihitaji. Pengine hutibiwa sonona peke yake, na chanzo cha uchovu wake kisijulikane.

Kwa kawaida mkazi wa Nachingwea au Ruangwa huanzia hospitali ya wilaya, akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, na ikibidi Muhimbili, Dar es Salaam, yenye idara ya magonjwa ya akili. Ni safari ndefu, na anayekwenda bila mzazi au ndugu humkosesha daktari shahidi wa utoto wake. Kadi ya kliniki na ripoti za shule ya msingi, zikiwapo, husaidia kuziba pengo hilo.