Sheria ikipita kiasi, haki itawale

Mwanafunzi wangu aliniuliza: je, kila kilicho halali kisheria ni haki? Nilimtajia Gustav Radbruch, profesa wa sheria wa Heidelberg aliyefutwa kazi na utawala wa Wanazi mwaka wa 1933. Mwaka wa 1946 aliandika kwamba sheria, hata ikiwa mbaya, ifuatwe ili kila mtu ajue mipaka yake. Lakini dhuluma yake isipovumilika tena, haki itangulie.

Katika miaka ya 1990, majaji wa Ujerumani waliitumia hoja hiyo kuwahukumu askari wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki waliowapiga risasi watu waliojaribu kuvuka Ukuta wa Berlin. Kujitetea kwamba ati walitii sheria hakukuwafaa.

Kiswahili kimetupa maneno mawili, haki na sheria. Tukiyafanya moja, mnyonge atalilia wapi?