Masomo ya bure kwenye intaneti: yanamsaidia nani Uvira?

Masomo ya bure kwenye intaneti ni kozi ambazo mtu anafuata kwa simu ao kompyuta bila kulipa ada ya shule. Kijana wa Kavimvira, Mulongwe ao Kalundu asiye na njia ya kwenda kusoma Bukavu anaweza kujifunza akiwa nyumbani. Lakini kabla ya kumaliza mega zake, inafaa ajue kozi gani inaweza kumsaidia.

Yalitoka wapi

Mwaka 2001 chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake wazi kwa watu wote. Mwaka 2012 zikaanzishwa Coursera na edX. Ufaransa ilifungua FUN mwaka 2013, na kozi zake nyingi ni za Kifaransa, lugha ambayo mwanafunzi wa Kongo amezoea darasani.

Bure mpaka wapi?

Kwenye Coursera na edX, mara nyingi sehemu tu ya kozi inasomwa bure, na cheti kinalipiwa. Kaya na DisasterReady, zinazofundisha kazi za misaada, zinatoa kozi pamoja na cheti bila malipo. FAO ina masomo ya kilimo na chakula, mengine kwa Kifaransa. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilifungua OpenWHO mwaka 2017, ikiwa na masomo kuhusu magonjwa kama kipindupindu na Ebola.

Masomo na kazi za hapa

Uvira inajua kipindupindu kwa miaka mingi. Mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi. Shida kama hizo zinaomba watu wanaojua kazi ya maji safi, usafi, stoki na ulinzi wa watoto.

Hata hivyo, cheti cha intaneti hakichukui nafasi ya diploma. Asiye na A2 ao A1 hawezi kuwa muuguzi juu ya kozi ya saa tatu. Cheti kinasindikiza diploma: wauguzi wawili wenye diploma moja wakiomba kazi, aliyesoma juu ya kipindupindu ana kitu cha kuonyesha. Na mama anayekausha ndagala anaweza kupata faida bila cheti, akijifunza namna ya kupunguza hasara ya chakula.

Wengi wanaacha njiani

Uchunguzi wa kozi za MIT na Harvard kwenye edX ulionyesha kwamba mwaka wa masomo 2017-2018, karibu watu 3 tu kwa 100 walioandikishwa walimaliza. Hapa kwetu umeme unakatika na mega zinaisha haraka. Ni vizuri kuchukua kozi moja fupi, kusoma maandishi kuliko video, na kufuata pamoja na wenzako wawili ao watatu wanaochanga mega.

Kujilinda na wezi

Kwenye majukwaa haya mtu anajiandikisha mwenyewe kwa barua pepe. Anayeomba dola ili «akuandikishe» kwenye kozi ya bure, ao anayeahidi kazi mara tu kozi inapoisha, asipewe kitu. Neno la siri la barua pepe pia asipewe mtu.

Kozi ikiisha, cheti kihifadhiwe kwenye barua pepe, si kwenye simu tu. Kwenye CV kiandikwe chini ya «mafunzo», pamoja na jina la shirika na mwaka, kisichanganywe na diploma.