Neuwied ya Ukerewe na daftari la Heddesdorf

Ndugu zetu wa Ukerewe, mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Katika maandishi ya Wajerumani waliotutawala kuna jina la mahali kisiwani kwetu ambalo hakuna bibi wala babu aliyewahi kututajia: Neuwied. Ndivyo walivyokiita kituo walichokiweka Ukerewe miaka ya 1890. Jina walilitoa kwao. Neuwied ni mji mdogo kando ya mto Rhine, makao ya ukoo wa watawala wa Wied, na mkuu wa ukoo huo wakati ule, Wilhelm, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Wajerumani ya kupinga biashara ya utumwa, iliyotuma misafara yake hadi kwenye ziwa letu.

Sisi tunaoshika vitabu vya chama tulilifuatilia jina hilo kwa udadisi tu. Tulichokikuta kimetugusa kuliko tulivyotarajia, kwa sababu kinahusu michango.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1653, baada ya vita vya miaka thelathini vilivyoiacha Ujerumani ikiwa magofu. Mtawala alihitaji watu, kwa hiyo mwaka 1662 aliwapa wakazi hati ya haki zao, pamoja na uhuru wa kuabudu. Madhehebu yaliyofukuzwa kwingine yakahamia pale, kila moja likajenga nyumba yake ya ibada, na mafundi wao wakaujaza mji kazi. Mtu wa Nansio hatashangaa sana. Mkerewe, Mjita na Mkara wamekuwa wakiuziana mihogo, dagaa na machungwa katika soko moja miaka yote, bila hati ya mtu.

Lakini habari kubwa haimo mjini. Imo Heddesdorf, kijiji cha jirani ambacho mwaka 1904 kiliunganishwa na Neuwied. Kuanzia 1852 hadi 1865 meya wa Heddesdorf alikuwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Kabla ya hapo, akiwa meya kijana wa Weyerbusch, alikutana na njaa ya mwaka 1846 na 1847. Aliwakusanya wenye uwezo wakatoa fedha, wakanunua nafaka, wakajenga tanuri la pamoja, na maskini wakapewa mkate kwa mkopo, walipe wakishavuna. Alipohamia Heddesdorf alianzisha chama cha hisani mwaka 1854. Matajiri walitoa, maskini walipokea. Baada ya miaka michache watoaji wakachoka. Yeyote aliyewahi kupita na bahasha ya harambee Kariakoo au Kirumba anajua uchovu huo.

Raiffeisen hakuwalaumu. Mwaka 1864 aligeuza mpango wote: kikawa chama cha akiba na mikopo ambacho mkopaji mwenyewe ni mwanachama, na deni la chama ni deni la kila mmoja wao, mpaka mali yake yote. Eneo liliwekwa dogo makusudi, watu wajuane kwa nyumba na kwa tabia. Viongozi walifanya kazi bila malipo. Aliyelipwa ni mmoja tu, mshika daftari. (Tunaomba msomaji asidhani tumeandika makala yote haya ili kufika kwenye sentensi hiyo.) Kutoka kijiji kile vyama vya aina hiyo vilienea Ujerumani yote, kisha duniani. Raiffeisen alifariki mwaka 1888.

Miaka michache tu baadaye jina la Neuwied likatua Ukerewe, ila daftari halikuja nalo. Kilichokuja ni kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897 katika koloni zima, na kilimo cha pamba. Mkulima alilipa, lakini hakuwa na mkutano wa kuuliza fedha imekwenda wapi. Waingereza walipokiteka kisiwa katikati ya 1916, mchele wetu ukiwa miongoni mwa vitu walivyovitamani, walibadilisha wakusanyaji. Nafasi ya kuuliza iliendelea kukosekana.

Ushirika wetu, kwa hiyo, haukuletwa na mkoloni wa kwanza wala wa pili. Uliletwa na mizani. Wakulima wa pamba wa kandokando ya ziwa walijua kwamba gunia linalopimwa kwa mnunuzi linapungua uzito njiani kwa namna ya ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa nchi huru, aliwaunganisha, na mwaka 1955 vyama vyao vikawa na shirikisho lenye makao Mwanza, Victoria Federation of Co-operative Unions. Katika miaka michache likawa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa barani Afrika, lenye viwanda vyake vya kuchambua pamba.

Baadaye likayumba, na hili tuliseme bila kupaka asali. Tume ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta wanachama wasiojua mambo ya chama chao, uongozi unaoingiliwa na siasa, na udanganyifu. Chama kilikuwa kimekuwa kikubwa, mwanachama akawa mbali na daftari. Serikali iliingilia kati. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Sheria za mwaka 1982 zilivirudisha vyote viwili, na halmashauri zikaanza tena kazi 1984. Hesabu mwenyewe: kwa miaka kumi na miwili mtu wa Ukerewe hakuwa na halmashauri yake ya kuihoji. Kizazi kizima kilikua kikiamini kwamba fedha ya umma ni ya mtu mwingine.

Sheria hizo za 1982 zimetupa kitu ambacho wengi wetu hatukitumii. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Tukienda likizo tunahudhuria misiba na harusi. Mkutano mkuu wa kijiji, ni nani kati yetu amewahi kuubadilishia siku ya safari?

Hatuna haki ya kuwanyooshea wengine kidole. Mwaka mmoja sisi wenyewe tulichangisha mabati ya zahanati. Fedha zilitumwa kwa simu kwa mtu mmoja, stakabadhi hazikuonekana, mabati yakafika pungufu. Hakuna aliyethibitishwa kuwa mwizi. Ila mwaka uliofuata bahasha nyingi zilirudi tupu, na wodi ya wazazi ikabaki kuta bila paa kwa misimu miwili ya mvua. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku aliendelea kusubiri boti.

Tunajua pia mfano mwema, uliozaliwa na msiba. Baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, fedha za rambirambi zilijenga kituo cha afya cha Bwisya. Jengo lipo, mtu anaweza kwenda kuligusa ukuta.

Mwaka huu tunaomba michango ya paa na sakafu ya wodi ileile. Akaunti ina watia saini watatu, mmoja wao akiwa mkazi wa kijiji aliyechaguliwa na mkutano mkuu. Siku ya harambee, daftari la miaka yote, pamoja na ule mwaka wa mabati, litakuwa wazi kwenye meza ya kwanza ukiingia mlangoni, na stakabadhi za saruji zimebanwa nyuma yake.