Pini Tatu za Plagi

Wasikilizaji wetu, katika nyumba za Nyakato, hapa kwetu Mwanza, twaona ukutani soketi yenye matundu matatu ya pembe nne. Kila siku twachomeka humo pasi, redio au chaja ya simu, wala hatuulizi ilitoka wapi. Lakini ina habari yake.

Umeme uliingia Tanganyika mwaka 1908, Wadachi walipoutia Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Mwaka 1931, katika enzi ya Waingereza, kampuni ya TANESCO ikaundwa. Waingereza walikuwa na kanuni zao za kutandaza waya, na asili ya kanuni hizo ni hofu ya moto: mwaka 1882 chama cha mainjinia wa London kilitoa za kwanza, ili taa za umeme zisiunguze nyumba za watu.

Plagi zao za zamani zilikuwa na pini za mviringo, za ukubwa mbalimbali, hata plagi ya pasi isiingie katika soketi ya taa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Shaba ikawa adimu, na nyumba nyingi za Uingereza zilibomolewa kwa mabomu. Mwaka 1942 ikakusanywa kamati itafute namna mpya. Mwanamke pekee ndani yake alikuwa Caroline Haslett, aliyejali mno usalama wa nyumbani. Kamati ikashauri waya mmoja uzunguke vyumbani kama pete na kurudi ulikoanzia. Hivyo shaba itatumika kidogo. Plagi yake ikatangazwa mwaka 1947.

Sasa tazameni. Pete hiyo yalindwa na fyuzi ya ampea 30, na waya mwembamba wa redio waweza kuungua kabla fyuzi kubwa namna hiyo haijakatika. Ndiyo maana fyuzi ndogo ikatiwa ndani ya plagi yenyewe: ya ampea 3 kwa redio na taa, ya 13 kwa pasi na birika. Mtu azungushaye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi iliyokatika amemwondoa mlinzi pekee wa waya ule.

Nayo pini ya juu ni ndefu kuliko wenzake kwa makusudi. Hiyo ni ya ethi, ipelekayo ardhini umeme uliovuja. Huingia kwanza, na kwa kuingia hufungua vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini. Vifuniko vile viliwekwa kwa ajili ya vidole vya watoto. Basi, vijana wetu wamezoea kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili chaja ya pini mbili ipite, na mdogo wao amesimama kando akitazama! Adapta ya pini tatu hupatikana dukani, na mafundi wenye leseni ya EWURA wapo.