Mguu Usidanganye

Kabla sijasikia habari za besiboli, nilikuwa hodari wa kudanganya kwa mpira. Hapa Bunju tulicheza rede: wawili wanarusha, wa katikati anakwepa. Mkono wangu unakwenda, mpira unabaki. Wa katikati anaruka bure, na akitua tu namlenga mgongoni. Hakuna aliyelalamika, huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe.

Ndiyo maana nilicheka mdogo wangu aliporudi mazoezini amenuna. Besiboli ilianza kufundishwa Azania, mjini, mwaka 2012, kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, na sasa imemfikia yeye. Ni mrushaji. Mpinzani aliyekuwa kituo cha kwanza alijisogeza hatua tatu, akivizia kuiba cha pili. Mdogo wangu akajifanya anarusha kituo cha kwanza, mpira akabaki nao. Mwamuzi akaita boki, mkimbiaji akapewa kituo cha pili bure.

Kanuni yenyewe iko miguuni. Ukiwa umekanyaga kibao cha mrushaji na unataka kumnasa wa kituo cha kwanza, sharti upige hatua kuelekea huko na mpira uende kweli. Ukitaka kumtishia tu, kwanza rudisha mguu nyuma, utoke kibaoni. Hapo umekuwa mchezaji kama wengine uwanjani, danganya utakavyo. Wenye mashoto wana bahati: wanasimama wakimtazama mkimbiaji, naye akiona mguu umeinuka hajui mpira unakuja kwake au unakwenda kwa mpigaji.

Ugomvi huu ni wa zamani. Boki imo katika kanuni za klabu ya Knickerbocker ya New York za mwaka 1845. Mwaka 1988 ligi kuu za Marekani ziliwabana warushaji wasimame tuli, na ionekane, kabla ya kurusha. Boki zikapanda kutoka 356 hadi 924 kwa msimu mmoja. Mwaka 2023 wakaleta hesabu: ukishatoka kibaoni au kurusha kituoni mara mbili kwa mpigaji mmoja, ya tatu isiponasa mtu ni boki. Vituo vilivyoibwa vikatoka 2,486 hadi 3,503, ingawa tusisahau kwamba vituo vyenyewe navyo viliongezwa ukubwa.

Kinachoniuma ni kingine. Shuleni kwetu wasichana tulipewa softiboli, na katika softiboli mkimbiaji haruhusiwi kuacha kituo mpaka mpira umtoke mrushaji mkononi. Mtu hajatoka nyumbani, utamvizia wapi? Sisi tuliokulia kwenye rede tukapewa mchezo usio na hila ile, na hila yetu wakaachiwa wavulana wajifunze upya.

Jioni ile nilifukia ubao mchangani, nikamwambia mdogo wangu awe mkimbiaji. Mara mbili nikamnasa. Ya tatu akagoma.

"Dada, mguu ulikuwa bado kibaoni. Hiyo ni boki!"

Tulibishana mpaka mama akatuita kula.