Mbwa wa Amboni na mashimo ya Wachagga

Filamu ya The Descent, iliyoanza kuonyeshwa Uingereza Julai 2005, imevuka miaka 20 na bado inakimbiza usingizi. Wanawake sita wanaingia pangoni huko Marekani, mwamba unaporomoka nyuma yao, na gizani wanagundua hawako peke yao. Mwongozaji Neil Marshall aliyajenga mapango hayo studio, Pinewood.

Huku kwetu kisa cha aina hiyo kilitangulia video. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1940 Wazungu wawili waliingia mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, wakiwa na mbwa wao. Hawakuonekana tena. Miezi kadhaa baadaye mbwa akaibuka kwenye tundu la ardhini, huku Kilimanjaro.

Waongoza wageni wa Amboni wanakisimulia mpaka leo, na ubishi hauishi. Wapo wanaoapa njia ipo, na nyingine inatokea Mombasa. Mawe yenyewe yanakataa. Amboni ni chokaa iliyoliwa na maji. Kilimanjaro ni volkano, na katikati imesimama milima ya Usambara na Upare. Waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote halitimizi kilometa moja. Kama mbwa huyo alikuwapo, basi alifuata reli, iliyokwisha kufika Moshi tangu 1911.

Kwa anayetaka kutishika kwa haki, yapo mashimo ya Wachagga, ambayo mtafiti Henry Fosbrooke aliyaandikia mwaka 1954. Yalichimbwa kwa mikono ili kuwakwepa Wamasai, na pia majirani, maana wamangi, yaani watawala wa Kichagga, walipigana wenyewe kwa wenyewe. Wazee husimulia kwamba udongo ulimwagwa mtoni ili adui asiuone. Mlango uliachwa mwembamba kusudi: anayeingia ainame, kichwa kitangulie, na ndani anasubiriwa na mtu mwenye rungu. Nyuma ya mlinzi walijibana akina mama, watoto na ng'ombe. Adui mwerevu hakuingia. Aliwasha moto mlangoni, akaacha moshi ufanye kazi.

Wajerumani walipovunja nguvu za wamangi, mashimo yakakosa kazi.

Leo Marangu mgeni hulipa ili ainame humo. Tarakea tunawaona wapanda mlima wakipita moja kwa moja kwenda lango la Nalemuru. Hata Mangi Horombo wa Keni, aliyejenga ngome za mawe hapa Rombo, wengi wanamjua kwa kibanda cha wapanda mlima kilichopewa jina lake. Ni aibu. Halmashauri iandike wanayoyajua wazee kuhusu ngome na mashimo, na vijana wetu wenye kamera waache kuiga mapango ya studio. Pale mlangoni penye moshi pana filamu nzima, na haihitaji jini wala zimwi.