Jatiluwih, Indonesia: Maisha, Ardhi na Safari katika Kijiji cha Wakulima wa Mpunga

Jatiluwih ni kijiji cha wakulima wa mpunga kilichopo katika Tarafa ya Penebel, Wilaya ya Tabanan, katika kisiwa cha Bali nchini Indonesia. Kijiji hicho kipo kwenye miteremko ya Mlima Batukaru wenye urefu wa mita 2,276, na mashamba yake yamechongwa kwa matuta yanayoshuka bondeni mfano wa ngazi. Mwaka 2012 UNESCO iliyaingiza mashamba ya eneo hilo, pamoja na maeneo mengine ya Bali, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Utalii lilikitaja kijiji hicho miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani.

Sifa hizo zimewavuta wageni wengi, baadhi yao wakienda kutalii na wengine wakiwa na nia ya kupata ardhi. Kwa makundi yote mawili, jambo la kufahamu kwanza ni kwamba shamba la mpunga kijijini hapo si kipande cha ardhi pekee. Shamba huambatana na mgao wa maji, na mgao huo huambatana na wajibu wa mwenye shamba kwa jirani zake.

Utawala wa kijiji

Kijiji nchini Indonesia huitwa desa. Huongozwa na mkuu wa kijiji anayechaguliwa na wananchi, akisaidiana na baraza la kijiji. Sheria ya Vijiji Na. 6 ya mwaka 2014 iliviongezea vijiji mamlaka ya kupanga maendeleo yake, na tangu mwaka 2015 vijiji hupokea fedha kutoka katika bajeti ya Taifa. Marekebisho ya mwaka 2024 yaliongeza muda wa uongozi wa mkuu wa kijiji kutoka miaka 6 hadi 8, kwa vipindi visivyozidi viwili.

Bali ina utaratibu wa pekee wa kuwa na vijiji vya aina mbili katika eneo moja. Kijiji cha kiserikali hushughulikia vitambulisho, takwimu za wakazi na miradi ya maendeleo. Kijiji cha kimila, kinachotambuliwa na Kanuni ya Jimbo Na. 4 ya mwaka 2019, husimamia ibada, mazishi, mahekalu na ardhi ya kimila. Chini yake zipo jumuiya za ujirani ziitwazo banjar. Kila kaya hutakiwa kuchangia nguvu kazi na fedha katika shughuli za jumuiya, na anayekwepa wajibu wake anaweza kutozwa faini.

Maji na kilimo

Maji ya mashambani hayasimamiwi na kijiji, bali na umoja wa wakulima uitwao subak, ambao umekuwapo Bali kwa zaidi ya miaka 900. Wanachama wake ni wenye mashamba yanayopata maji kutoka chanzo kimoja, hata kama wanaishi vijiji tofauti. Kiongozi wake huitwa pekaseh. Wanachama hukutana kupanga tarehe za kupanda, kusafisha mifereji na kutatua migogoro kwa kufuata kanuni zao walizojiwekea. Kila umoja una hekalu lake, kwa kuwa wakazi wengi wa Bali ni waumini wa dini ya Kihindu na huyahesabu maji kuwa zawadi takatifu.

Faida ya utaratibu huo ilidhihirika katika miaka ya 1970. Ili kuongeza chakula, Serikali ya Indonesia iliwahimiza wakulima kupanda mbegu mpya za muda mfupi mfululizo, bila kusubiri ratiba ya mahekalu. Mavuno yaliongezeka mwanzoni, lakini baadaye mashamba yalivamiwa na wadudu na magonjwa. Mwanaanthropolojia Mmarekani, J. Stephen Lansing, alionesha sababu yake: ratiba ya zamani ilihakikisha kuwa mashamba ya eneo kubwa yanapumzishwa kwa wakati mmoja, hivyo wadudu hukosa chakula na kupungua. Kwa hiyo mkulima wa juu naye hunufaika kwa kumgawia maji mkulima wa chini, kwa sababu wakipanda pamoja wote hupunguza hasara. Wakulima wengi walirejea katika ratiba hiyo.

Jatiluwih hujulikana hasa kwa mchele mwekundu wa asili, ambao mpunga wake huchukua takribani miezi mitano hadi sita kukomaa.

Umiliki wa ardhi

Ardhi nchini Indonesia husimamiwa kwa Sheria ya Msingi ya Ardhi Na. 5 ya mwaka 1960. Haki kamili ya umiliki, iitwayo hak milik, haina ukomo wa muda na hurithishwa. Kwa watu binafsi, haki hiyo hutolewa kwa raia wa Indonesia pekee. Raia wa kigeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kupata haki ya matumizi kwa muda maalumu, au kupanga kwa mkataba.

Baadhi ya wageni hununua ardhi kwa kutumia jina la raia. Kwa mujibu wa Ibara ya 26 ya sheria hiyo, makubaliano yenye lengo la kuhamishia umiliki kwa mgeni ni batili. Ardhi hiyo huangukia mikononi mwa Serikali, na fedha zilizolipwa haziwezi kudaiwa. Mgeni anayepata umiliki kwa urithi au kwa ndoa hutakiwa kuuachia ndani ya mwaka mmoja.

Raia wa Indonesia nao wana mipaka. Kanuni ya Serikali Na. 224 ya mwaka 1961 inazuia mtu kumiliki shamba lililo nje ya tarafa anayoishi, kwa lengo la kuiacha ardhi mikononi mwa wanaoilima. Sheria Na. 41 ya mwaka 2009 inalinda mashamba ya chakula yaliyotengwa yasigeuzwe kwa matumizi mengine. Hata hivyo, utalii umepandisha thamani ya ardhi, na kishawishi cha kujenga mgahawa au nyumba ya wageni katikati ya mpunga ni kikubwa. Jengo moja likiziba mfereji, hasara humfikia kila mwenye shamba lililo chini yake.

Katika urithi, mila ya Bali hufuata ukoo wa baba, na kwa muda mrefu ardhi ilikwenda kwa watoto wa kiume. Mwaka 2010 baraza kuu la vijiji vya kimila lilikubali mtoto wa kike apate sehemu ya mali iliyochumwa na wazazi, ikiwa ni nusu ya fungu la mtoto wa kiume.

Mambo ya kuzingatia kwa msafiri

Wageni hufika Bali kupitia Uwanja wa Ndege wa Ngurah Rai, kisha huenda Jatiluwih kwa barabara. Magari hupita upande wa kushoto, kama ilivyo katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, na saa za Bali zipo mbele kwa saa tano. Tangu tarehe 14 Februari, 2024, mgeni kutoka nje ya Indonesia hulipa tozo ya rupia 150,000 anapoingia Bali.

Msafiri anashauriwa kuangalia tarehe ya Nyepi, siku ya ukimya ambayo kwa kawaida huangukia mwezi Machi. Kwa saa 24 uwanja wa ndege hufungwa, na hakuna anayeruhusiwa kutoka nje, wakiwemo watalii. Anayeingia hekaluni hutakiwa kuvaa kikoi na mkanda wa kitambaa kiunoni. Mashambani, mgeni apite katika njia zilizowekwa, kwani tuta likibomoka maji ya shamba hupotea.

Anayelala katika nyumba ya mwanakijiji ahakikishe mwenyeji wake ametoa taarifa kwa kiongozi wa eneo. Katika vijiji vingi vya Indonesia, mgeni hutakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24.